Vipande Sita vya Fundi Saa

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Mama Pua, na si kwamba pua yenyewe ilikuwa kubwa. Ilikuwa kitu kidogo tu, kimebanwa katikati ya mashavu kama kifungo cha shati. Jina lilitokana na kazi. Ukimpelekea samaki akubanikie, alikupokea langoni, akamshika samaki kichwani, akamfunua mashavu kwa kidole gumba, akampeleka puani na kufumba macho. Kisha hukumu. Akisema “Hai,” samaki wako anaingia uani. Akisema “Maiti,” unageuka naye ulikotoka, na wenzako kwenye foleni wanakupisha kwa heshima kubwa, kama uliyebeba jeneza, huku wanajiziba midomo wasicheke.

Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita. Tanuri lilikuwa uani nyuma ya jiko: matofali mpaka usawa wa kiuno, juu yake pipa lililokatwa kitako, ndani trei nne za waya zinazoingia na kutoka kama droo za kabati. Pembeni palikuwa na uchanja wa mbao wa kuanikia nyama iliyokatwa nyembamba na kulazwa kwenye chumvi usiku kucha. Kwa tanuri hilo alimsomesha mwanawe wa pekee mpaka akawa fundi umeme, na kwa tanuri hilo alimuuguza mumewe mpaka siku alipofumba macho. Ukimuuliza mali yake ni nini, hakukuonyesha nyumba. Alikupeleka uani.

Shida ni kwamba ile pua ilikuwa imekufa, na kwa hesabu zake aliyekuwa akijua habari za kifo chake ni mwenyewe peke yake.

Ilianza na mafua. Mafua ya kawaida tu, ya kupiga chafya na kulalamika, ila yalipoondoka yaliondoka na vitu vya watu. Asubuhi moja aliamka, chai haina harufu. Kitunguu hakina harufu. Aliinamia moshi wa tanuri, ukamchoma macho kama siku zote, lakini puani ulipita kimya kimya kama mdaiwa anayepita dukani. Alijifukiza majani, akavuta mvuke wa chumvi, akanusa pilipili ya unga mpaka akaanguka kitako. Pua ikapata kidonda, harufu haikurudi. Miezi minane.

Kwa nini hakusema? Hapo ndipo penyewe. Mwanawe, mtoto mwema asiyejua kuumiza mtu kwa makusudi, alikuwa ameanza wimbo mmoja: “Mama, si upumzike sasa? Mke wangu kazi ameshaijua.” Aliuimba wakila, aliuimba wakiosha vyombo. Naye Mama Pua alikuwa amekwisha kuona mtu aliyepumzishwa. Dada yake mkubwa alipumzishwa na wanawe miaka mitatu iliyopita. Walimweka kwenye kiti karibu na dirisha, na tangu hapo swali analoulizwa kutwa nzima ni kama amekunywa chai, na kabla hajajibu anajibiwa. “Ameshakunywa huyo.” Mtu aliyekuwa akipiga kelele sokoni hadi madalali wanamkimbia! Mama Pua aliapa: siku atakayotoka kwenye lile tanuri iwe kwa machela. Na mbanikaji asiyenusa, nani atamwachia tanuri?

Basi akajitafutia mbinu. Samaki aliwatazama macho na kuwabonyeza nyama kwa kidole. Lakini mbinu kubwa, ile aliyojivunia kimoyomoyo, ilikuwa kuwasoma wenye samaki. Alipofumba macho kunusa hakuyafumba yote. Aliacha mwanya, akamchungulia mtu usoni. Mwenye samaki mbovu anajua. Anazungumza sana. Anakwambia amemnunua leo leo kabla hujamuuliza, halafu anatazama lango. Miezi minane hakuna mteja aliyerudi kulalamika, na Mama Pua akaanza kuona kwamba hata pua haikuwa na maana kivile. Watu walikuwa wanaisifia bure.

Mkwewe naye alikuwa pale pale, kimya kama maji ya mtungi. Msichana mrefu, mtoto mgongoni, daftari la shule mfukoni. Kila kitu alikipima: chumvi kwa kikombe, moto kwa saa.

“We mwanangu,” Mama Pua alikuwa akimtania, “chumvi inapimwa kwani ni dawa ya kikohozi? Mara tatu kwa siku baada ya chakula?”

“Nisije nikasahau, mama.”

“Utasahau daftari lenyewe.”

Ndivyo walivyoishi. Hawakugombana, hawakupatana sana. Moshi uliwatosha wote.

Sasa wiki ile transfoma la mtaa likalipuka, Jumanne mchana. Mafundi wa shirika walikuja, wakalitazama kwa huzuni kama watu waliopita kwenye ajali, wakaondoka. Jumatano hawakurudi. Kufikia Alhamisi friji zote za mtaa zilikuwa makabati ya kawaida tu, yenye maji chini. Kuku walilegea, nyama ikaanza kutoa jasho, na kila mwenye akili alichukua beseni akaelekea kwa Mama Pua. Saa tatu asubuhi foleni ilikuwa imepita duka la vinyozi.

Huo ulikuwa mtihani, lakini ulikuwa pia sherehe. Miaka mingi hakuwa na umati kama ule. Alijifunga kanga kiunoni, akasimama langoni, na mwanawe, ambaye bila umeme hakuwa na kazi, akawa anabeba kuni na kusikiliza mama yake anavyosifiwa. Mkwe alikaa kwenye kigoda nyuma, anaosha, anatia chumvi, anafunga kitambaa cha rangi kwenye kila fungu ili kitu cha mtu kisiende kwa mwingine.

“Nimemnunua jana jioni, mama, mzima kabisa,” alisema mama mmoja muuza mitumba, akimtazama paka aliyekuwa ukutani. “Hata muuzaji mwenyewe aliniambia, dada, huyu—”

“Maiti.”

“He! Hata hujamnusa!”

“Nimekunusa wewe.”

Watu wakaangua kicheko. Muuza mitumba mwenyewe alicheka, maana kweli alijua, akaondoka na beseni lake. Na Mama Pua akajiona amerudi ujanani.

Ndipo akaja Fundi Saa. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, mzee mwembamba wa kutengeneza saa za mkono kwenye kibanda karibu na benki, mjane kama yeye, na tangu mazishi hajawahi kukosa kupita kila Alhamisi kumsalimia na kumchokoza. Alikuwa na kibakuli cha plastiki chenye kifuniko.

“Shemeji, nimekuletea wagonjwa wangu.”

“Wangapi, shemeji?”

“Sita. Wamekatwa vichwa, lakini wamevumilia.”

Mama Pua akafunua kifuniko. Vipande sita vya samaki, vimechunwa ngozi, vyeupe, safi kama sabuni. Havina macho. Havina mashavu. Akabonyeza kimoja, kililegea, lakini kila kitu asubuhi ile kilikuwa kimelegea. Akakipeleka puani, akafumba macho nusu, akamsoma mzee usoni.

Uso wa Fundi Saa ulikuwa wazi kama wa mtoto. Hakuna alichoficha, kwa sababu hakuna alichojua. Alikuwa amekwenda kumtembelea binti yake, amerudi jana, amekuta friji imefungwa vizuri tu, na kwa akili zake kitu kilichofungwa vizuri kimetunzwa. “Mimi najua saa, shemeji,” alisema. “Samaki nawaachia wenyewe.”

“Hai,” akasema Mama Pua, akampa mkwe kibakuli.

Mkwe alikishika, akakiinamia, akanyanyua uso. “Mama.”

“Nini?”

“Hebu nusa tena.” Aliongea chini chini, lakini foleni ya watu wenye njaa ya jambo ina masikio marefu. “Hivi vimeshageuka, mama.”

Mtu wa tano kwenye foleni alimuuliza wa nne amesema nini. Mwanawe aliweka mzigo wa kuni chini. Jana yake tu, wakila, alikuwa amesema tena neno lile la kupumzika. Mama Pua aliona kiti. Alikiona kabisa, na dirisha lake. Angeweza kusema, “Haya, leta tuone,” akacheka, akamwachia mkwe aamue. Lingepita kama upepo. Lakini kutoka pale kila mtu angemletea mkwe kwanza, na keshokutwa nani angemhitaji?

“Mwanangu,” akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa vinyozi, “pua hii ilikuwa kazini wewe ukiwa bado unang'ang'ania mgongo wa mama yako. Maziwa yamekujaa mpaka puani. Nenda kanyonyeshe!”

Mtaa ulilipuka kuliko transfoma. Vicheko mpaka watu wakashikana. Fundi Saa mwenyewe alicheka, kisha akamwambia mkwe kwa upole, “Usijali, binti, na sisi tulifundishwa hivi hivi.” Mkwe alisimama kidogo na kile kibakuli, akamtazama mumewe, na mumewe akawa anacheka pamoja na wengine. Akaviosha vile vipande, akavilaza kwenye maji ya chumvi, mtoto akalia, akaenda kumnyonyesha. Aliporudi akavipanga kwenye trei na kuvifunga kitambaa cha bluu.

Moshi ni mwongo mzuri. Jioni vipande vilitoka vya rangi ya dhahabu, vimekaza, vinapendeza. Hata mkwe aliyevisogeza puani hakusikia tena kitu zaidi ya moshi.

Jumamosi fundi viatu, jirani wa kibanda cha saa, alimkuta mzee amelala sakafuni katikati ya vyuma vyake vidogo, uso umemvimba, ametapika mpaka hana cha kutapika. Walimkimbiza hospitali. Siku mbili hawakujua kama atapona. Daktari aliuliza amekula nini, na kwa kuwa mzee alikuwa anaishi peke yake jibu lilikuwa fupi: samaki wa kubanikwa, vipande vitatu.

Mwana wa Mama Pua alitoka hospitali akaja moja kwa moja jikoni. Mama yake alikuwa anachambua mchele, mkewe anapepea moto.

“Ni samaki,” alisema. “Daktari anasema alishaoza kabla ya kubanikwa. Yule wa Alhamisi.”

Akachuchumaa mbele ya mama yake.

“Mama, si wewe uliyempokea?”

Mama Pua aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe kimoja, akakiweka pembeni. Alijua kwamba kuna maneno mawili tu, “sisikii harufu,” na kwamba yakishatoka hayarudi ndani. Alimwona mkwe akigeuka na pepeo mkononi, anamtazama. Hamtazami kwa hasira, anangoja tu.

“Mimi nilipompokea alikuwa mzima,” akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu. “Labda huko kwenye kuosha. Alikaa sana kwenye beseni, jua nalo lilikuwa kali. Mtoto alikuwa analia, si unajua.”

Hakusema jina la mtu. Alikuwa na haya kidogo, nazo alizitumia zote hapo.

Mwanawe akamgeukia mkewe. “Uliwaacha juani?”

“Nilimwambia mama wameoza. Nilisema mbele ya watu.”

“Nakuuliza uliwaacha juani?”

“Dakika kumi. Nilimnyonyesha mwanao dakika kumi.”

“Basi,” akasema fundi umeme, kama mtu aliyeipata waya iliyokatika. “Basi.”

Habari haikuhitaji miguu. Wiki haijaisha mtaa mzima ulikuwa na maelezo yake. Kwamba yule binti alikasirika kwa kuchekwa, akamwacha samaki makusudi. Kwamba daftari limemharibu. Walimpa jina, Dakika Kumi, na watoto wakalipokea kwa furaha. Mumewe alimkataza kugusa tanuri. Na ule wimbo wa kupumzika ukakatika ghafla, haukusikika tena. “Kumbe mama ulijua,” alimwambia siku moja. “Kazi hii bado inakutaka.” Mama Pua alikuwa akilingoja neno hilo mwaka mzima. Lilipokuja lilikuwa na miiba.

Fundi Saa alitoka hospitali siku ya tisa. Alipita Alhamisi yake, anatembelea fimbo, suruali imefungwa kwa kamba.

“Shemeji, nilifika mpaka mlangoni kule,” alisema akikaa kwa taratibu. “Mumeo kanifukuza. Kasema bado nina saa zake mbili sijazitengeneza.”

Mama Pua alicheka na machozi yakamtoka.

“Usilie. Mimi nimewaambia wote, pua ya shemeji yangu haikosei. Yule ni mtoto, ana haraka. Mmsamehe.”

“Shemeji,” akaanza.

“Ee?”

Alimtazama mzee, ile shingo iliyobaki mishipa tu. “Nikupe chai?”

“Nipe.”

Na ilipokuja chai aliinywa. Lakini alipoletewa sahani ya nyama kavu aliisukuma pembeni kwa kidole, polepole, akisingizia meno.

Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata Mama Pua aliona begi kitandani kwa mkwe. Mume alikuwa amekwenda kazini. Umeme ulisharudi zamani. Mkwe alikuwa anakunja nguo za mtoto, anazibana zikae kidogo.

“Unakwenda wapi?”

“Kwa dada. Amenipatia kazi ya kufunga biskuti kiwandani.”

“Siku ngapi?”

“Kazi ni kazi, mama. Haina siku ngapi.”

“Na mume wako?”

“Amesema nikipenda niende.” Alibana soksi ndani ya soksi. “Hajaniita jina langu tangu Jumamosi ile. Ananiita ‘wewe.’”

Mama Pua alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amekuja na maneno yake, aliyapanga tangu alfajiri. Akaanza na la mbali. “Mwanangu, kuna kitu hukijui. Mimi haya mafua yaliyopita—”

“Najua.”

“Unajua nini?”

“Kwamba hunusi.” Mkwe hakuinua uso. “Tangu mwezi ule ule. Mtoto alijisaidia mapajani mwako ukaendelea kumwimbia, robo saa nzima. Nilidhani unanitania.”

Mama Pua akashusha macho kwenye mapaja yake mwenyewe.

“Mama, ulidhani miezi minane watu hawalalamiki kwa sababu gani? Kila alfajiri kabla hujatoka nilipitia vyungu vya chumvi. Kilichogeuka nilikitoa, nikazika nyuma ya choo. Mwenyewe akija nilimwambia kimeungua, nikamlipa kwa samaki wetu. Siku ile ya foleni hakuna kilicholala kwenye chumvi, ulikuwa mchana, macho ya watu yote yako pale. Sikuweza kuzika. Ndiyo maana nilisema.”

Nje muuza mkaa alipita akinadi. Mama Pua alijaribu kukumbuka nyuso zote alizozisoma, ule ujanja wake wote, na kila uso aliokumbuka sasa ulikuwa na mtu anayechimba shimo nyuma yake.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nikwambie nini? Lilikuwa lako la kusema. Nilikuwa nangoja uniambie mimi, hata mimi tu, tukae tufanye wote. Wewe useme ‘hai,’ mimi nikukanyage mguu chini kama si hai. Nani angejua?” Alifunga zipu. “Nilishaandika hata kwenye daftari. Kukanyaga mara moja, kukanyaga mara mbili.”

Hapo ndipo penye msamaha, kama alikuwa na nia nao. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mama Pua alivuta pumzi, akamshika mkwe mkono, na kilichotoka kinywani mwake hakikuwa kile alichokipanga.

“Utamwambia mume wako?”

Mkwe aliutazama ule mkono. Akacheka kidogo, kicheko kikavu, cha mtu aliyeweka dau na kulipoteza.

“Nikimwambia mimi namsingizia mama yake. Hilo lina mdomo mmoja tu wa kulisema, mama, nao ni wako.” Akautoa mkono wake taratibu, bila ukali. “Bodaboda ameshafika.”

Alimfunga mtoto mgongoni, akabeba begi mwenyewe. Langoni aliaga kama mtoto aliyelelewa vizuri: “Kwaheri, mama. Ubaki salama.” Daftari aliondoka nalo.

Mwanawe alirudi saa kumi. Alitazama chumbani, akatoka uani, akasimama mikono kiunoni.

“Ameondoka?”

“Ameondoka.”

“Alisema chochote?”

Tanuri lilikuwa baridi, trei zote nne nje zimeegemezwa ukutani, safi. Kesho yake kulikuwa na mabeseni mawili yanakuja, na mwenye hoteli ndogo ya karibu na benki alishatuma salamu kwamba anataka nyama ya wiki nzima. Mama Pua alimtazama mwanawe. Alikuwa mchovu, kijana wake, anataka aambiwe kitu ambacho angeweza kukishika.

“Alisema nibaki salama,” akajibu. “Atapoa tu. Hasira za ujana.”

Fundi umeme alitikisa kichwa. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, alichukua shoka akaanza kumpasulia mama yake kuni. Alipasua za wiki, akapasua za mwezi, anazipanga vizuri ukutani, jasho linamtiririka.

“Nene zaidi, baba,” mama yake akamwambia. “Hizo zitanipa moto. Mimi nataka moshi.”